Kadi za Bonane: Familia za Masisi na Walikale zinavyotunza sura za watu wao

Desemba ikifika, studio za foto na vibanda vya fotokopi vya Kivu ya Kaskazini vinapata kazi isiyoonekana miezi mingine. Watoto wanavalishwa nguo mpya za Noeli, wamama wanafunga vitenge, baba anatoa suti aliyoiweka toka harusi ya mdogo wake, na familia inapanga mstari mbele ya ukuta au pazia. Mpiga foto anaingiza picha kwenye kompyuta, anatia nyota na maua pembeni, na chini anaandika salamu: « Joyeux Noël et Bonne Année », au kwa Kiswahili, pamoja na jina la familia na mwaka. Inachapishwa kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15, au inatumwa kwa WhatsApp bila kuchapishwa kamwe. Hiyo ndiyo kadi ya Bonane.

Kwa mwenye kukaa mahali penye usalama, kadi kama hiyo ni salamu tu. Itabandikwa ukutani wiki mbili, halafu itasahauliwa. Katika teritwari za Masisi na Walikale mambo ni tofauti, na anayetaka kujua sababu aangalie kalenda ya mwaka 2025.

Tarehe 4 Januari 2025, siku tatu tu baada ya Bonane, waasi wa M23 waliingia Masisi-centre. Katika wiki ile ya kwanza ya mwaka, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 100,000 waliokimbia mapigano ya eneo hilo. Mwisho wa Januari Sake na Goma zikaanguka. Mwezi wa Februari, wakimbizi wa ndani waliokuwa katika kambi za pembeni ya Goma, wengi wao wakiwa watu wa Masisi, waliambiwa waondoke na kurudi makwao, na kambi zikavunjwa kwa siku chache. Tarehe 19 Machi ikawa zamu ya Walikale-centre, ambayo waasi waliiacha mwanzoni mwa Aprili.

Mtu anayekimbia anabeba mtoto, sufuria, godoro kama ana nguvu. Albamu ya foto inabaki ndani ya sanduku, na sanduku linabaki ndani ya nyumba. Kuna familia za Masisi zilizokimbia hivyo mara tatu au nne toka miaka ya 1990, na kila safari zilipoteza sehemu ya sura zake.

Hasara hiyo haionekani siku ile ile. Inaonekana siku ya matanga. Mtu akifa, watu wanatafuta foto ya kuweka mbele ya jeneza, yenye ukubwa wa A4 na fremu, na hapo wanagundua kwamba foto pekee ya marehemu ni ile ya Bonane ya miaka minne nyuma, amesimama mstari wa nyuma, nusu ya bega lake ikifunikwa na kichwa cha shemeji. Mpiga foto anamkata pale, anampanua, anampa ukuta wa bluu nyuma yake. Ndiyo maana baadhi ya sura zinazobebwa kwenye mazishi zina tabasamu la sikukuu na hazionekani vizuri: zilikatwa kutoka kadi ndogo.

Hasara nyingine ni ya karatasi. Serikali ya Kongo haijawapa wananchi wote kitambulisho cha taifa kwa miongo mingi, na kadi ya mchaguzi inayotolewa na CENI ndiyo inayoshika nafasi yake benki, barabarani na kwenye duka la kununua laini ya simu. Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipopiga kura, Masisi na Rutshuru hazikupiga, kwa kuwa usalama mbaya ulizuia kuandikisha wachaguzi ipasavyo. Hata waliopata kadi sehemu nyingine za nchi, wengi walilalamika kwamba foto na maandishi vilikuwa vinafutika, na CENI ikalazimika kutoa kadi nyingine badala yake. Kijana wa Masisi aliyefikisha miaka 18 katika kipindi hiki anaweza kuwa hana karatasi hata moja ya serikali yenye uso wake. Foto ya Bonane siyo kitambulisho, na hakuna askari atakayeikubali hivyo. Lakini ndani ya ukoo inajibu maswali ambayo hakuna ofisi inayoyajibu: huyu ni nani, ni mtoto wa nani, alikuwa na umri gani mwaka ule.

Swali hilo la « mtoto wa nani » lina historia ndefu Goma. Baada ya 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipojaa kuzunguka mji, watoto wengi walikuwa wamepotezana na wazazi. Mashirika ya misaada yalipiga foto zao na kuzibandika ili wakubwa wapite na kuzitazama. Mpiga foto Reza, mzaliwa wa Iran, alishiriki katika kazi hiyo katikati ya miaka ya 1990 pamoja na UNICEF, akifundisha wakimbizi wenyewe kushika kamera. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao katika vurugu za kukimbia. Mpaka leo CICR na Msalaba Mwekundu wa Kongo wanatumia foto, pamoja na ujumbe mfupi wa familia unaopelekwa mkononi, ili kuunganisha waliopotezana.

Wanaofanya kazi hiyo wanakutana na shida moja inayojirudia. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui jina la mama yake. Kwake ni « mama », na kwa majirani ni « Mama » na jina la mzaliwa wa kwanza. Jina lililo kwenye cheti cha ubatizo mtoto hakuwahi kulisikia. Ukimuuliza anatoka wapi, atasema « kwetu ». Ila akionyeshwa uso wa mama yake, hatasita. Kadi ndogo ya Bonane, yenye majina kamili ya wazazi yameandikwa nyuma kwa bik, inaweza kufanya kazi ambayo maswali ya saa nzima hayakuweza.

Sasa, kadi inatengenezwaje ili idumu? Hapo ndipo kazi ya studio inapotofautiana na kazi ya haraka haraka.

Shida ya kwanza ni simu. Foto nyingi siku hizi hazipigwi na kamera ya studio, zinapigwa na simu ya jirani na kufika kwa mchapishaji kwa WhatsApp. WhatsApp inapunguza uzito wa foto: kwa kawaida, upande mrefu unabaki na vitone karibu 1,600. Kwa kadi ya sentimita 10 kwa 15 hiyo inatosha, kwa sababu uchapishaji mzuri wa ukubwa huo unahitaji vitone karibu 1,200 kwa 1,800. Lakini foto hiyo hiyo ikipanuliwa hadi A4, inayohitaji karibu 2,500 kwa 3,500, nyuso zinakuwa ukungu. Na kila safari mtu anapoituma upya baada ya kuipiga picha kwenye kioo cha simu nyingine, inapoteza zaidi. Foto iliyopitia vikundi vitano vya WhatsApp kabla ya kufika kwa mchapishaji ni kama chai ya majani yaliyochemshwa mara tano.

Kuna njia mbili za kuepuka hilo. Toka Agosti 2023 WhatsApp ina kitufe cha HD, kinachoruhusu foto nzito zaidi. Njia ya pili ni kutuma foto kama dokima, ambapo inafika kama ilivyotoka kwenye kamera bila kupunguzwa. Inakula megabaiti nyingi, kwa hiyo wengi hungoja kufika mahali penye mtandao mzuri.

Shida ya pili ni wino. Studio nyingi za miji midogo hazina tena mashine za labo za zamani, zile za filamu, ambazo foto zake bado zinaonekana safi baada ya miaka 30. Zinatumia printa za wino zenye matangi, kwa sababu ni nafuu na zinaweza kufanya kazi kwa jenereta ndogo au kwa betri za sola. Kadi inatoka ikiwa inang'aa, mteja anafurahi. Lakini wino wa aina nyingi unaogopa maji na jua. Tone la mvua likianguka juu yake, uso wa mtoto unatiririka. Ikibandikwa ukutani mbele ya dirisha, nyekundu inakwenda kwanza, na baada ya muda familia nzima inabaki na rangi ya majani makavu.

Hali ya hewa ya teritwari hizi mbili nayo haisaidii, ingawa kila moja inaharibu kwa namna yake. Masisi ni milima, baridi na mvua nyingi. Hatari kubwa ni paa linalovuja na safari ya pikipiki kwenye matope. Walikale ni msitu, joto na unyevunyevu mwaka mzima. Huko foto haihitaji kunyeshewa ili iharibike. Inaota ukungu ndani ya albamu, inashikamana na plastiki au kioo cha fremu, na mtu akiivuta inabaki na shimo mahali palipokuwa uso. Foto iliyoshikamana hivyo isivutwe. Ipigwe picha nyingine ikiwa hapo hapo, kwa simu, karibu na dirisha, bila flashi, na ile picha mpya ndiyo ichapishwe.

Kwa hiyo wengi wanavika kadi plastiki, kama wanavyofanya kwa kadi ya mwanafunzi au karatasi ya kupotelewa na vitambulisho. Ni ulinzi mzuri, kwa masharti mawili. Kwanza, kadi iliyotoka kwenye printa ipumzike hadi ikauke vizuri, usiku mmoja ikiwezekana, maana unyevu ukifungiwa ndani ya plastiki hautoki tena. Pili, plastiki ya moto haitoki pia. Foto ya zamani ya labo, ambayo ipo moja tu, isiingizwe kwenye mashine hiyo. Itolewe nakala, na nakala ndiyo ivikwe.

Wateja wanapenda kujadili bei. Wachache wanajadili karatasi, na ni kosa. Karatasi nyembamba ya fotokopi iliyochapishwa rangi inaonekana kama kadi kwa siku chache tu. Karatasi nzito ya foto inagharimu zaidi lakini inaweza kushikwa na mikono ya watoto. Tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo kuliko nauli ya kurudi kuchapisha tena.

Makosa ya maandishi ni hadithi nyingine. Jina likikosewa kwenye kadi moja linakosewa kwenye zote 20. Anayetoa komandi kutoka mbali anafaa kuandika majina kwenye ujumbe badala ya kuyasema kwa sauti, kutaja ukubwa, idadi ya nakala, aina ya karatasi na jina la atakayekuja kuzichukua, halafu kuomba mfano kwenye simu kabla ya kulipa salio. Malipo yenyewe leo yanapita zaidi kwenye M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, hasa toka benki za Goma zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025. Na mwenye kulipa kwa noti za dola anajua sheria isiyoandikwa: noti yenye kupasuka kidogo tu hakuna anayeipokea.

Kuna kazi moja ambayo wapiga foto wa mashariki ya Kongo wameizoea kuliko wenzao wa nchi nyingi: kuunganisha watu wasiokuwa pamoja. Tuseme baba yuko Ndjingala kwenye biashara ya madini, mama na wadogo wako Sake, mtoto mkubwa yuko Kampala na babu alikufa miaka miwili nyuma. Kila mmoja anatuma foto yake. Kwenye kompyuta wote wanasimamishwa pamoja mbele ya nyumba nzuri isiyokuwa ya mtu yeyote, babu katikati, akiwa amevaa koti la foto ya zamani. Mwanga unatoka kulia kwa mmoja na kushoto kwa mwingine, miguu ya Kampala haigusi chini vizuri. Hakuna anayejali.

Studio za Afrika zimefanya hivyo kwa muda mrefu. Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga foto wa mitaani walijulikana kwa mapazia yenye ndege, meli na majumba, na wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi na waliotaka kutuma nyumbani picha ya kujivunia. Kenya hiyo hiyo ina desturi ya kadi za kuwatakia watahiniwa mafanikio. Siku hizi mzazi anaweza kuagiza yenye foto ya mwanafunzi au ya familia nzima. Kwa hiyo kadi ya Bonane ya Masisi ina ndugu wengi. Tofauti ni kwamba hapa foto ya kuunganishwa inajaza pengo lililoachwa na vita, na wakati mwingine ndiyo pekee inayowaonyesha wote.

Na hapo kuna jambo la kuangalia. Foto ya kuunganishwa ni nzuri kwa salamu, lakini haifai kuwekwa kwenye faili. Wakongomani wengi wa Masisi waliokimbilia Rwanda, Uganda na Tanzania toka miaka ya 1990 walipelekwa Marekani na nchi nyingine kupitia mpango wa wakimbizi, na baadhi yao wanaomba kuunganishwa na mke, mume au watoto. Foto za familia ni miongoni mwa vithibitisho vinavyoweza kuambatanishwa kwenye maombi ya namna hiyo, ingawa haziwezi kuchukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa, na wakati mwingine kipimo cha DNA kinaombwa juu yake. Ofisa akigundua kwamba foto imetengenezwa kwenye kompyuta, hata kama nia ilikuwa upendo tu, anaweza kuanza kutilia shaka karatasi zote nyingine. Familia yenye busara inatunza zile foto za asili, moja moja, jinsi zilivyopigwa, na inaandika tarehe na mahali. Kadi ya kuunganishwa inaandikwa nyuma kwamba imeunganishwa.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo foto haitalifanya kamwe: kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto. Sheria ya Kongo inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa kufanya hivyo kwa ofisa wa hali ya raia. Mtoto mwenye kadi tano za Bonane na asiye na cheti bado hana cheti.

Upande wa usalama ndio unaosahaulika kabisa, pengine kwa sababu ni sikukuu. Kati ya Goma, Masisi na Walikale, barabara inapita mikononi mwa watu wenye silaha wa pande tofauti: M23, jeshi la serikali, Wazalendo. Kwenye barieri simu inaweza kuombwa, kufunguliwa na kuangaliwa. Foto ya familia yenye mjomba aliyevaa sare, iwe ya upande wowote, inaweza kumtia taabani motari anayeibeba na ambaye hamjui hata huyo mjomba. Vilevile fulana ya chama, bunduki ya plastiki mkononi mwa mtoto, au kambi ya askari inayoonekana mlimani nyuma ya familia. Mpiga foto mzuri anaona vitu hivyo kabla ya kubonyeza.

Maandishi nayo yanasomwa. Salamu na jina la ukoo vinatosha upande wa mbele. Jina la kijiji halina lazima. Nyuma, majina ya wazazi yanasaidia mtoto akipotea, lakini namba ya simu ya ndugu aliye mahali tulivu inasaidia zaidi kuliko anwani ya nyumba ambayo pengine kesho haitakuwa na mtu. Hata lugha inasomwa. Masisi na Walikale zinasema Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo na nyingine, na kwa bahati mbaya lugha ya mtu imetumika mara nyingi kumpanga upande ambao hakuuchagua. Kadi ya Kiswahili inasomwa na wote.

Kuna mtego mwingine, huu wa teknolojia. Foto iliyopigwa na simu inaweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa, hadi mita chache. WhatsApp inapotuma foto kwa njia ya kawaida inaondoa taarifa hizo. Ila ile njia ya dokima, inayohifadhi ubora kwa ajili ya kuchapisha, inahifadhi na mahali pia. Dawa yake ni rahisi: kuzima taarifa ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga. Na baada ya kuchapisha, mteja ana haki ya kumwomba mwenye kibanda afute foto kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Kompyuta hizo zinaguswa na watu wengi, na flashi zinazochomekwa humo zinatoka na virusi zaidi ya vile zilivyoingia navyo.

Inabaki safari. Kadi ya sikukuu ilizaliwa pamoja na posta. Mwaka 1843, mjini London, Henry Cole alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja ya Noeli, akachapisha nakala kama 1,000, kwa sababu barua za kujibu zilikuwa zimemzidi na posta ya bei nafuu ilikuwa imeanza miaka mitatu kabla. Kadi hiyo, kwa njia, ilionyesha familia mezani. Sasa, ndugu aliye Marekani anaingia kwenye tovuti kama Shutterfly au duka la dawa lenye mashine ya foto, anachagua mfano, anaweka picha, na kadi zinaletwa mlangoni. Posta inafanya yaliyobaki.

Masisi na Walikale hakuna posta ya namna hiyo. Kampuni ya taifa, SCPT, haipeleki barua hadi Nyabiondo wala Mubi. Kadi inapita mikononi: msafiri anaibeba hadi Kigali, anavuka Gisenyi, inalala Goma kwa shangazi, inapanda pikipiki kuelekea Sake. Zamani Walikale ilikuwa na njia yake ya ajabu, ndege ndogo zilizotua juu ya barabara yenyewe huko Kilambo kuchukua madini na ambazo zilileta bidhaa na vifurushi kutoka Goma. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa toka mwisho wa Januari 2025, na kwa upande wa barabara Walikale iko kwenye njia ya Kisangani na Bukavu, kwa hiyo kifurushi kinaweza kuzunguka nusu ya nchi.

Kwa sababu hiyo, kuchapisha kadi Ulaya au Marekani na kuituma ni njia ghali ya kuichelewesha. Afadhali faili itumwe, na ichapishwe mahali pa karibu zaidi na atakayeipokea, kwa pesa ya simu. Upande wa pili pia ufanyike: foto za Masisi zitumwe kwa ndugu aliye mbali ili azitunze. Simu zinaibiwa, zinachukuliwa barabarani, zinaanguka mtoni. Akaunti ya Google inatoa nafasi ya bure ya gigabaiti 15, ambazo ni maelfu ya foto za kawaida, mradi mwenyewe akumbuke neno la siri na alimwambie mtu mmoja anayemwamini. Stori ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, mtu asiitegemee.

Inachekesha kidogo, ukitafakari, kwamba ndani ya simu inayopiga foto hiyo kuna tantali, ambayo kwa hesabu za Umoja wa Mataifa sehemu karibu 15 kwa 100 ya ile ya dunia inatoka Rubaya, Masisi, na kuna bati, linalochimbwa Bisie, Walikale. Familia inayosubiri umeme wa kuchapisha kadi moja inakaa juu ya malighafi ya kamera zote.

Wanaotaka kadi zao zitoke vizuri hawangojei tarehe 23 Desemba, siku ambayo kila kibanda kina foleni, wino unakwisha na mfano unachapishwa bila kusomwa. Wanapiga foto mwanzoni mwa mwezi, asubuhi au jioni, uso ukielekea mwanga, wazee wakiwa wamekaa mbele ili wasifichwe. Wanachapisha nakala moja zaidi kwa kila mtoto, yake mwenyewe, na nyingine inaingia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti na diploma, ule mfuko unaokaa karibu na mlango.

Na kwa ambao motari wao atakwama kwenye matope ya Masisi, desturi iliyoachwa na Wafaransa na Wabelgiji inawapa nafasi. Salamu za mwaka mpya zinapokelewa bila aibu hadi tarehe 31 Januari.